Kibati Namba 117

Siku hizi mle ndani wanahifadhi viazi.
Lumbesa zimepangana hadi pale
palipokaa mashine yangu ya kukereza,
na mlinzi, kijana mwenye koti la mitumba,
ananiuliza: "Mzee, unamtafuta nani?"

Nikamjibu nimefuata bei.

Ningemwambia nini?
Kwamba hapo alipoegemea
ndipo alipokaa Tusekile wa stoo,
aliyehesabu patasi zake kila jioni
kama anayehesabu vifaranga mwewe akiwa juu?
Ukimrudishia tupa butu hagombi,
anakutazama tu,
unatembea na aibu wiki nzima, Iyunga yote.

Sanga alikuwa mtu wa kalibu.
Mchanga wa kusubia aliuonja kwa ulimi
akajua maji yamezidi.
Nasema kweli: kwa ulimi.
Mhandisi aliyeletwa na makao makuu akacheka,
akamimina chuma bila kumsikiliza;
gia kumi na mbili zikatoka na matundu kama masega.
Sanga hakucheka. Akatema mate,
akachukua koleo, akaanza upya.

Kihongosi simkumbuki sura.
Najaribu.
Nakumbuka kikohozi chake,
na kiatu cha kushoto alichokifunga kwa waya.
Miaka kumi na minne benchi moja, jiliwa moja,
chumvi tunapeana kwenye kiganja!
Sura imekwenda wapi?

Na wewe, Ambakisye.
Ulifika kabla ya king'ora kila asubuhi,
ukungu wa Loleza bado umekuganda nyweleni.
Machi ile mvua ilipiga bati
hata mashine zikawa kama mabubu.
Nilikuwa nimefungua kikinga cha gia nipake grisi.
Nikaitwa getini, kuna barua yako kutoka nyumbani.
Nikaenda.
Sikukirudisha.
Ukaja kuazima kipimio.

Vidole viwili.

Msimamizi alipouliza ukasema,
"Nilikifungua mwenyewe."
Ukanitupia jicho mara moja,
kama mtu anayetazama saa,
kisha ukarudi kwenye kitambaa chako
kilichokuwa cheupe asubuhi.

Hatukulizungumza.
Hata siku ya kufungwa,
tulipopanga foleni kupokea bahasha
na Tusekile analia bila sauti huku anahesabu funguo,
ulishika kalamu kwa vidole vitatu
na mwandiko wako ukanishinda.

Ulizikwa Kyimo, migombani. Nilifika siku mbili baadaye.
Nikala ndizi za matanga, nikasema pole,
nikasema tulifanya kazi pamoja.
Ndivyo nilivyosema: tulifanya kazi pamoja.

Juzi nimepeleka mahindi Igawilo.
Mashine ya kusaga ikaguna guno ninalolijua.
Nikaomba wazime. Nikaomba tochi.
Kwenye bega la shafti, chini ya unga na grisi iliyoganda,
alama yako: mstari mmoja, nukta mbili.
Nikamwambia mwenye mashine aniuzie,
nikataja fedha ambayo sina.
Akanishangaa. "Lakini bado inasaga, mzee."

Ubao wa vibati haujang'olewa,
upo palepale mlangoni, nyuma ya mzani.
Misumari ina kutu, namba zinasomeka ukizipangusa.
Changu nilitembea nacho mfukoni miaka yote hii;
kimelika, moja zote mbili zimebaki kama mikwaruzo.
Mlinzi alipoinama kupima gunia
nikakitundika. Si kwenye msumari wangu.
Kwenye wa mia na kumi na nane, wako.
Nikatoka bila kuaga.

Nimeshafika relini, nasikia mbio nyuma yangu.
"Mzee! Mzee, umesahau hiki!"
Kijana anahema, pumzi inamtoka nyeupe kwenye baridi.
Nikakipokea.
Kilikuwa cha moto,
kimetoka kufumbatwa na vidole vyote vitano.